Mlango wa Mtawala: Kurasa za Serikali Mitandaoni, ni Sikio au ni Ukuta?

Sifa zote njema zinamstahikia Allaah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama ba'ad.

Ndugu wasomaji, mzee mmoja anayeswali nasi safu ya mbele alinijia baada ya Swala ya Ishaa akiwa ameshika simu ya mwanawe. "Ustadh," akaniambia, "nisomee hapa. Huyu kijana anasema nimefungiwa." Nikaitazama simu, nikamtaka kijana anieleze. Ofisi moja inayohusika na maji katika eneo letu ilikuwa imeweka katika ukurasa wake picha za uzinduzi wa bomba, watu wamevaa sare, wanapiga makofi. Chini ya picha waliandika kwamba wanathamini maoni ya wananchi. Mzee, kwa mkono wa mwanawe, akaandika: anatoa salamu, anashukuru kwa juhudi, ila mtaani kwetu maji hayajatoka kwa wiki ya tatu, anaomba kujua tatizo ni nini. Hakutukana. Hakumtaja mtu. Asubuhi yake maneno yake yalikuwa yamefutwa, na akaunti ya kijana imezuiwa isiweze kuandika tena katika ukurasa ule.

"Nimekosea wapi, Ustadh?" akaniuliza. "Si wao ndio waliouliza?"

Usiku ule sikuwa na jibu la kumpa. Makala hii ndiyo jibu lake, na ni jibu kwa kila mwenye swali kama hilo.

LINALOKUBALIKA KWANZA

Uadilifu unatulazimu tuanze na lililo jema. Hatusemi kwamba kila ukurasa wa serikali ni hila. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilienea kupitia simu, na mvuvi wa Mafia au Kilwa aliyezipata alijua mapema kwamba bahari si ya kuingiwa. Anayetafuta tarehe ya mitihani, utaratibu wa kupata cheti cha kuzaliwa au taarifa za chanjo huzipata bila ya kulipa nauli kwenda mjini. Hilo ni jema, na mwenye kutenda jema hushukuriwa.

Lakini kutangaza ni jambo moja na kusikiliza ni jambo jingine. Mwenye kipaza sauti si lazima awe na masikio. Serikali zetu zinapojisifu kwamba "zinawasiliana na wananchi" mitandaoni, zinadai jambo la pili, na ushahidi zinaouleta ni wa jambo la kwanza: idadi ya wafuasi, idadi ya picha, idadi ya waliobofya alama ya kupenda. Dai hilo ndilo tunalolipima hapa.

MLANGO ULIOCHOMWA MOTO

Wanahistoria wamepokea kwamba Sa'd bin Abi Waqqaas (R.A.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alipokuwa gavana wa Kuufa alijengewa nyumba yenye mlango, kwa kuwa makelele ya soko yalikuwa yakimfikia. Khabari ikamfika Khalifa 'Umar bin al-Khattwaab (R.A.) kwamba mlango ule umemtenga gavana na raia wake. 'Umar hakuandika waraka wa onyo. Alimtuma Muhammad bin Maslamah kutoka Madina hadi Kuufa, safari ya siku nyingi jangwani, kwa kazi moja tu: auchome moto mlango. Akafika, akauchoma, akarejea.

Na katika Hadithi waliyoipokea Abu Daawud na at-Tirmidhi, Abu Maryam al-Azdi (R.A.) alimkumbusha Mu'awiya (R.A.) onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kutawalishwa kisha akajificha na haja za watu na ufukara wao, kwamba naye Allaah atajificha na haja yake. Mu'awiya aliposikia hayo akamweka mtu maalumu wa kushughulikia haja za watu.

Basi fikra ya kuwa na ofisi ya kusikiliza raia si ngeni kwetu, wala hatukuipokea kutoka Ulaya. Tuliyonayo ni mizani yake: mlango wa mtawala hupimwa kwa yule anayeweza kupita ndani yake na akatoka salama. Nakshi zilizochongwa juu yake hazihesabiki. Kwa mizani hiyo tuzitazame nchi tatu za jirani moja, Uganda, Kenya na Tanzania.

UGANDA: NAJASH KATIKA SIASA

Uganda ilikuwa na ofisi ambayo jina lake tu linatosha kwa mjadala huu: Kituo cha Serikali cha Mawasiliano na Wananchi, chini ya Wizara ya Habari na Teknolojia ya Mawasiliano. Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba imeziondoa akaunti na kurasa zilizohusishwa na kituo hicho. Kampuni ilieleza kwamba waliohusika walitumia akaunti bandia na akaunti pacha kuendesha kurasa, kujifanya watu wengine, kutoa maoni katika maandishi ya wengine, na kuyasambaza tena na tena ili yaonekane yanapendwa na wengi kuliko ilivyo kweli.

Tafakari, ewe ndugu msomaji. Ofisi iliyoundwa ili kumsikiliza mwananchi ilituhumiwa kwamba inamtengeneza mwananchi! Badala ya kumngoja raia aseme, sauti yake ikabuniwa, ikapewa jina na picha, kisha ikasifu.

Wanafunzi wa fiqhi wanalijua jambo hili kwa jina lake. Katika mlango wa biashara Mtume (S.A.W.) amekataza *najash*, nayo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa ambayo hana nia ya kuinunua ili mnunuzi wa kweli adanganyike adhani inagombewa. Ikiwa hila hiyo ni haramu katika mbuzi mmoja mnadani, itakuwaje katika amana ya uongozi wa mamilioni ya watu?

Jibu la serikali lilikuwa nini? Hawakuleta uchunguzi wala bayana mbele ya watu. Tarehe 12 Januari Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa Facebook nchini, akiilaumu kwa upendeleo. Usiku wa tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Watu wakapiga kura tarehe 14 wakiwa gizani, na mtandao ukaanza kurudi tarehe 18, baada ya matokeo kutangazwa.

Na kabla ya hapo, tangu tarehe 1 Julai 2018, raia wa Uganda alitakiwa kulipa shilingi 200 za nchi hiyo kila siku ili aruhusiwe kutumia WhatsApp, Facebook na Twitter. Rais alikuwa ameandika Machi mwaka huo akilalamikia "lugambo", yaani umbea, wa mitandaoni. Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2021, ikabadilishwa kwa ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Muuza ndizi wa Kampala akalipia ruhusa ya kusema, na serikali ile ile ikimwambia: karibu tuwasiliane.

KENYA: KUALIKWA, KISHA KUTEKWA

Kenya ni nchi ambayo vijana wake waliionesha dunia maana ya raia kushiriki. Mwaka 2024 Muswada wa Fedha ulipopelekwa bungeni, ukiwa na pendekezo la kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, vijana waliusoma, wakaufafanua kwa lugha za makabila, wakautawanya kwa video fupi. Hiyo ni kazi ambayo serikali yenyewe ilipaswa kuifanya. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na risasi zikaua watu. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada ule.

Tarehe 5 Julai 2024 Rais alikaa katika mazungumzo ya moja kwa moja ya sauti kwenye mtandao wa X, vijana wakamuuliza maswali usoni kuhusu waliouawa na waliokamatwa. Tunasema bila ya kinyongo: hilo lilikuwa jambo adimu katika Afrika, na lau lingekuwa mwanzo wa mwenendo mpya tungelisifu hadi leo.

Lakini tazama kilichofuata. Mwishoni mwa mwaka huo huo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa au kupotezwa tangu mwezi Juni. Miongoni mwao walikuwemo vijana ambao kosa lao lililojulikana ni vibonzo na maneno ya kumkejeli Rais mitandaoni. Rais mwenyewe, Desemba 2024, akaahidi kwamba utekaji utakoma.

Ahadi ilitolewa, na Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang akachukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyomhusu afisa mkubwa wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akawekwa mahabusu, akafa mle mle. Polisi wakasema amejigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti wakasema majeraha yale si ya mtu kujiumiza mwenyewe. Hatuulizi dini yake wala kabila lake. Dhulma ni dhulma, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allaah. Tunauliza swali moja tu: raia atayaamini vipi mazungumzo yaliyofunguliwa na Rais, ilhali mwenye kuandika juu ya afisa wa polisi anarudishwa kwao katika jeneza?

NYUMBANI: MLANGO UNAFUNGWA SIKU YA HAJA

Sisi Tanzania tusiwacheke majirani. Mwaka 2018 zilitungwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja za leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Mwenye fedha akabaki anasema. Kijana wa kijijini mwenye habari ya zahanati isiyo na dawa akanyamaza.

Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo damu ilimwagika na mama hakujua mwanawe yuko wapi. Mtandao uliporudi, ujumbe ulioingia katika simu za watu ulikuwa ni onyo dhidi ya kusambaza picha za kutia taharuki.

Hapa ndipo pa kusimama. Siku ya uzinduzi wa bomba, ukurasa uko wazi. Siku ya sherehe, uko wazi. Siku ambayo raia ana haja ya kweli ya kuuliza "ndugu yangu yu hai?", mlango umekomelewa. Mlango wa namna hii umepakwa rangi ukutani. Ukiusukuma unaumia mkono.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao ni watu wa elimu tunaowaheshimu, watakaoleta hoja. Tuzijibu kwa adabu.

Shubha ya kwanza: "Nasaha kwa mtawala hutolewa kwa siri." Wanaitegemea Hadithi ya 'Iyaadh bin Ghanm (R.A.), nasi hatuipingi. Kumkosoa mtawala kwa nafsi yake ili kumvunjia heshima na kuwasha fitna si njia yetu. Lakini mzee aliyeuliza maji hakumfichua mtu aibu. Amedai haki yake kwa aliyepewa amana, na mahali alipodaia ni pale pale alipoelekezwa na mwenye amana. Mwenye kuweka meza barabarani na kuandika "njooni mseme" ameshatoa idhini ya kusemeshwa barabarani. Zaidi ya hayo, imepokewa na al-Bukhaari kwamba watu wa Kuufa walimshitaki Sa'd huyo huyo kwa 'Umar, hata wakamtuhumu katika Swala yake. 'Umar hakuwaambia wanyamaze. Alituma watu wakauliza msikiti kwa msikiti.

Shubha ya pili: "Mitandao imejaa uongo." Ni kweli, na uongo ni haramu kwa raia na kwa serikali pia. Lakini rejeeni kisa kile kile. Katika msikiti mmoja alisimama mtu akamsingizia Sa'd mbele ya watu kwamba hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu. Ulikuwa ni uongo mtupu. Sa'd alifanya nini? Alimshitakia Allaah kwa dua. Mtu yule hakutekwa usiku, wala msikiti wa Kuufa haukufungwa. Ikiwa Swahaba aliyebashiriwa Pepo alivumilia kusingiziwa hadharani, ni nani leo aliye mtukufu zaidi yake hata asivumilie kibonzo?

Shubha ya tatu: "X ilifungwa kwa sababu ya picha chafu, na sisi Waislamu tunapinga uchafu." Naam, tunaupinga, na tuliupinga kabla ya waziri yeyote. Lakini uchafu huo haukuanza wiki ile ya Mei 2025. Anayetaka kuusafisha mtandao wa picha za uchi tutamuunga mkono siku zote za mwaka. Ila asitufanye sisi na staha yetu kuwa pazia la kuficha jambo jingine. Dini haikodishwi kwa ajili ya kuziba midomo.

MIZANI NNE

Basi ukitaka kujua ukurasa wa serikali ni sikio au ni ukuta, uupime kwa mambo manne.

Kwanza, je, swali gumu linabaki na linajibiwa, au linafutwa na sifa zinabaki? Ukurasa wenye pongezi tupu ni shahidi dhidi ya mwenyewe, kwani hakuna jamii ya wanadamu isiyo na malalamiko.

Pili, je, muulizaji analala kwake salama? Ukurasa ukitumika kukusanya majina ya wakosoaji ili wafuatwe, huo ni upelelezi uliokatazwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, hata ukiitwa kwa jina zuri.

Tatu, je, sauti zinazosifu ni za watu walio hai, wenye majina yao, wasiolipwa?

Nne, je, mlango unabaki wazi siku nzito? Kwani siku nyepesi hata ukuta hudhaniwa mlango.

WAJIBU WETU

Haitoshi kulaumu. Nasi tuna deni.

Vijana wetu wanaotafuta riziki kwa simu, jihadharini. Utafiti uliochapishwa na taasisi ya Mozilla mwaka 2021 ulionesha namna vijana wa Kenya walivyolipwa dola chache kusukuma mada mitandaoni dhidi ya majaji na wanaharakati. Anayepokea fedha ili aandike jambo asilolijua kana kwamba ameliona, huyo ni shahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na shirki na kuwaasi wazazi katika madhambi makubwa kabisa. Haijalishi anayelipa ni serikali au ni mpinzani wake. Chakula cha watoto hakipikwi kwa kuni za dhulma.

Na sisi tunaouliza, tuulize kwa ukweli. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat imetuamuru kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na kidole kinachosambaza kitaulizwa kama ulimi. Tusitukane, tusizushe, tutaje mahali, tarehe na haja yetu. Maneno yenye bayana ni mazito kuyafuta, hata yakifutwa.

Na tusiufanye mtandao kuwa mlango pekee. Ofisi zina anwani, madiwani wana nyumba, vikao vya mtaa vina siku zake. Viongozi wa misikiti, ambao huitwa kila panapohitajika dua ya kuombea amani, waitike pia pale muumini anapohitaji mtu wa kumsindikiza ofisini.

Nilimrudia yule mzee siku ya pili. Nikamwambia: "Hukukosea. Aliyekukaribisha kisha akakufungia ndiye aliyekosea." Tukaandika barua yenye yale yale aliyoyaandika katika simu, bila ya kuzidisha wala kupunguza, wakatia saini waumini wote waliokuwepo Alfajiri ile, nasi tukaipeleka kwa mikono yetu na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Nakala yake ipo msikitini, atakaye ataisoma. Hadi naandika haya hatujajibiwa. Tutarudi tena mwisho wa mwezi, na mwezi utakaofuata, kwa kuwa kudai haki kwa subira ni ibada, na kunyamaza juu ya haki ya jirani si subira.

Tunamuomba Allaah (S.W.) awaongoze viongozi wetu wawe na masikio kabla ya vipaza sauti, awarehemu waliodhulumiwa, na atulinde na ndimi za uongo, zetu na za wengine.

Wabillaahi tawfiiq.